Kiti Kigumu cha Ilpo Haverinen

Mzee Taisto Haverinen alifariki mwezi wa nne, theluji ilipokuwa inayeyuka, barabara za msituni zimelainika na mashine zote za magogo zimeegeshwa. Watu wa Kainuu, mkoa wa misitu wa kaskazini, walisema mzee amechagua wakati mzuri, maana wanaume walikuwa nyumbani na jeneza halingekosa wabebaji. Mwanawe mkubwa, Ilpo, alilisikia neno hilo dukani. Aliitikia kwa kichwa kama wengine, akatoka bila kununua alichofuata. Yeye ndiye angeshika kona ya kichwani, upande wa kulia, mahali pa mtoto mkubwa wa kiume. Na alijua wazi, kama mtu anavyolijua jina lake, kwamba hawezi.

Hakuna mwingine aliyejua. Kwa nje Ilpo alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mpana wa mabega, mchache wa maneno, mwenye mashine yake mwenyewe. Mashine hiyo ya magurudumu manane hufuata nyuma ya ile inayokata miti, ikaokota magogo kwa kreni na kuyabeba hadi kando ya barabara. Mtu akiitazama kwa mbali huiona kazi nyepesi: dereva amekaa ndani ya kebini yenye joto, redio inaimba, mikono iko juu ya vijiti viwili. Lakini chini ya theluji kuna mawe na visiki, na kila gurudumu linapopanda kimoja na kutumbukia upande wa pili, dereva hutupwa ubavuni, kisha juu, kisha ubavu mwingine, asubuhi hadi jioni, huku shingo ameigeuza nyuma kuangalia mzigo. Mtikisiko huo hauvunji kitu siku moja. Hupitia makalioni, ukapanda uti wa mgongo pingili moja hadi nyingine, ukazisaga polepole kama jiwe la kusagia.

Kwa Ilpo ulikuwa umeshasaga. Kiuno kilianza, akakizoea. Kisha mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi kutoka nyongani hadi vidoleni, na siku nyingine ulimwacha ghafla, kama mtu aliyekuwa ameegemea mlango ukafunguliwa. Alinunua viatu visivyo na kamba ili asiiname. Mama yake, Hilja, alipomwomba amtolee gunia la viazi ghalani, alingoja mama aingie ndani, akavihamisha viazi kidogo kidogo kwa ndoo. Kwa daktari hakwenda. Daktari angeandika, karatasi ingetembea, na watu wangejua.

Wangejua nini? Hapo ndipo aibu yake ilipokaa. Baba yake alikuwa mkata miti wa enzi za msumeno wa mkononi na baadaye msumeno wa injini, mtu aliyesimama kwenye theluji ya kiunoni na kuangusha misonobari. Watu wa kizazi hicho waliwaita madereva wa mashine "wakaaji". Sasa mwanamume gani angesimama mbele yao aseme kwamba amevunjwa na kiti? Aliyeangukiwa na mti ana la kusimulia. Aliyekatwa na msumeno huonyesha kovu. Ilpo angeonyesha nini?

Na kulikuwa na jambo jingine, baya kuliko hilo, ambalo hata peke yake hakupenda kulifikiria.

Alipopata mashine yake ya kwanza, akiwa bado kijana, alimwita baba yake aje aione. Mzee Taisto alikuja mpaka pale magogo yalipokuwa yanapangwa kando ya barabara, na wakataji wenzake watatu wanne walikuwapo. Kiti cha ile mashine kilikuwa cha mfuko wa hewa. Ilpo alipoendesha mbele yao, kiti kilimpandisha na kumshusha taratibu, kikimeza mishtuko ya ardhi. Mzee alitazama, akawageukia wenzake.

"Mnamwona mwanangu?" alisema. "Anabembelezwa. Mama yake alijisumbua bure kumbeba mgongoni, angengoja tu kiwanda kilete hiki kiti."

"Mletee na chuchu ya mpira, Taisto," mmoja akasema.

Walicheka, na mzee alicheka kuliko wote. Jioni ile Ilpo alibaki peke yake na mashine. Alitoa hewa yote kwenye mfuko, akachomeka bamba la chuma kati ya vyuma vinavyokunjana chini ya kiti, akalikaza kwa bolti mbili. Kuanzia hapo kiti hakikubembea tena. Kila tuta, kila jiwe, kila kisiki kilimfikia bila kupunguzwa. Alipobadilisha mashine alikifunga na kiti kipya. Kiburi kilichoanza kwa jioni moja kikawa desturi ya maisha, na mtu akishafanya upumbavu kuwa desturi, huanza kuuita tabia.

Kama angejiumiza peke yake, lingekuwa shauri lake na mgongo wake. Lakini mashine ilifanya kazi zamu mbili, na zamu ya pili alikuwa amemwajiri Aimo, binamu yake, mtoto wa dada ya baba. Aimo alikuwa mcheshi, mwenye watoto, mtu wa kuuliza. Aliuliza tangu mwaka wa kwanza mbona kiti kigumu kama benchi la kanisa.

"Baridi ya huku inaua mfuko wa hewa," Ilpo alimjibu. "Hata ukiweka mpya, ikifika Januari umepasuka."

Aimo aliamini. Kwa nini asiamini? Aliyemwambia alikuwa bosi wake, ndugu yake, na fundi kuliko yeye. Kila vuli aliuliza, na kila vuli alipewa baridi ileile. Miaka ya karibuni naye alikuwa ameanza kushuka kwenye ngazi ya mashine akiwa ameshika kiuno, akitoa mzaha kwamba amekuwa bibi wa mtu. Ilpo aliucheka mzaha huo. Dhambi yake ilikuwa hapo, katika kicheko hicho, kuliko hata kwenye bolti.

*

Siku mbili kabla ya maziko, Ilpo na mama yake walikwenda kwenye kanisa dogo la hospitali kumvalisha marehemu. Wengi siku hizi huwaachia watu wa majeneza kazi hiyo, lakini Hilja alisema mume wake hatavalishwa na mgeni. Alikuja na shati jeupe, amelipiga pasi mwenyewe. Ilpo alimwinua baba yake kidogo mabegani, kwa mikono tu bila kuinama, akamrudisha haraka kabla mguu haujamwacha. Mama hakuona, au alifanya kama hakuona. Alikuwa anafunga vifungo.

Alivifunga upesi, kuanzia chini kupanda juu, kwa vidole vilivyojua njia. Ilpo akasema, ili tu kusema kitu, "Umezoea, mama."

"Nitaachaje kuzoea? Nimemfungia vifungo maisha yote."

"Baba?"

"Nani mwingine?" Alinyoosha kola. "Hukuwahi kuona vidole vyake asubuhi? Vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Ule msumeno wa injini ulivitikisa mpaka damu ikavikataa. Kukiwa na baridi hakuweza kushika kifungo, hakuweza kushika hata kijiko. Kwa nini unadhani alikuwa anakula akiwa na glavu mkononi?"

"Alisema anatoka haraka."

"Ndiyo, alisema." Hilja alitabasamu kidogo. "Alinikataza nisimwambie mtu. Aliona haya. Eti mkata miti mzima anavalishwa na mke wake kama mtoto wa chekechea. Nikamwambia, Taisto, si kosa lako, ni mashine. Akasema, mwanamke, nyamaza, watoto watasikia. Basi nikanyamaza."

Ilpo alitazama mikono ya baba yake iliyolala juu ya kifua. Alikumbuka ilivyokuwa mifukoni daima, hata mbele ya mchungaji, na jinsi alivyodhani ni majivuno.

"Ndiyo maana siku ile alifurahi sana na mashine yako," mama akaendelea, akichana nywele za marehemu kwa kitana.

"Siku gani?"

"Ile ya kwanza, ulipomwita akaione. Alirudi nyumbani, akakaa jikoni, hata koti hajavua. Akaniambia, Hilja, mtoto amepata kiti kizuri. Kinakwenda hivi." Aliupandisha mkono wake hewani na kuushusha taratibu. "Akasema, yeye hataharibika kama mimi. Nilimwona na machozi. Mara ngapi nilimwona baba yako na machozi? Mara mbili, na moja ilikuwa alipokufa farasi."

Pale palikuwa mahali pa Ilpo kusema. Chumba kilikuwa kitulivu, walikuwa watu wawili na maiti, na mama mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango kwa mkono wake. Angesema, mama, nilikifunga kile kiti. Angesema, mama, mimi pia nimeharibika, siwezi kubeba. Badala yake aliuliza kama viatu vya marehemu vitavaliwa au vitaachwa. Mama akasema soksi zinatosha.

*

Ijumaa mdogo wake, Jouko, alifika kutoka mji wa Oulu, ambako alikuwa anafundisha shule. Alasiri wakawasha sauna, kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke, pale nyumbani, kama inavyopasa kabla ya maziko, wakaingia watatu: Ilpo, Jouko na Aimo. Walikaa uchi kwenye ubao wa juu, mvuke ukiwauma masikio. Ilpo alipanda mwisho, akijivuta kwa mikono.

"Mtazame bosi wangu," Aimo akasema. "Anapanda kama ng'ombe mwenye mimba."

"Ubao umelowa," Ilpo akasema.

"Ubao umelowa, mfuko wa hewa umeganda, na msimu huu hata jua limechelewa. Kwako daima kuna kitu kingine chenye makosa."

Jouko alicheka na kumwaga maji kwenye mawe ya moto. Mvuke ulipopungua wakaanza kupanga. Wabebaji sita: wao watatu, na watatu wa chama cha wakata miti wazee. Njia kutoka kanisani hadi kaburini ilikuwa fupi lakini ina tope. Wangetumia mikanda ya kitambaa inayopita chini ya jeneza, kila mmoja ncha yake begani, na wakifika wangeishusha maiti kwa mikanda hiyohiyo.

"Kaka, unachechemea," Jouko akasema ghafla. "Nimekuona tangu nishuke garini. Nikae mimi kulia kichwani? Wewe tembea nyuma na mama, hakuna atakayeona vibaya."

"Mimi ndiye mkubwa."

"Najua wewe ndiye mkubwa. Ninauliza kuhusu mguu."

"Nilikanyaga kisiki wiki iliyopita. Umepona."

Aimo alijipiga mabegani kwa kitita cha matawi laini ya mti wa mbetula, kama wafanyavyo watu saunani. "Mimi pia mgongo ni mbovu, lakini mjomba nitambeba hata kwa meno. Nikikwama katikati ya njia mnizike hapohapo kando yake."

"Unauma sana?" Jouko akamuuliza.

"Mgongo? Aa, kawaida. Usiku nalala sakafuni, mke wangu amepata kitanda chote, anafurahi. Nesi wa wafanyakazi ananiambia nibadilishe kiti. Nikamwambia dada, huku kwetu viti huganda."

Jouko alimtazama Ilpo kwa swali. Ilpo alichukua kata, akamwaga maji mengi kuliko ilivyohitajika, na mvuke mkali ukawainamisha vichwa wote watatu mpaka hapana aliyeweza kuongea.

*

Jumamosi jua lilitoka. Ibada ilikuwa fupi, kama mzee alivyotaka. Walipoinua jeneza Ilpo aliusikia uzito ukiingia begani na kuteremka mpaka kiunoni kama msumari wa moto, lakini mguu ulishika. Alihesabu pumzi. Theluji chafu ilikuwa pande zote za njia, na tope lilinyonya viatu. Mbele yao mchungaji, mwanamke kijana mwenye sauti nzito, alitembea bila haraka. Nyuma walikuja mama, akishikwa mkono na mke wa Aimo, na watu wa kijiji.

Walifika. Walisimama juu ya mbao zilizowekwa kando ya shimo, wakalikalisha jeneza kwenye miti miwili iliyolazwa juu ya kaburi. Miti ikaondolewa. Sasa uzito wote ulikuwa mikononi mwa watu sita, na ilibidi waachie mikanda polepole, kwa pamoja, wakiinama kidogo kidogo kadiri jeneza linavyoshuka.

Ilpo aliinama, na mguu wa kushoto ukamwacha.

Haukuuma hata kidogo. Uliondoka tu. Goti liligonga ubao, mkanda ukapita viganjani mwake na kuchuna ngozi, na upande wa kichwa cha baba yake ukaanguka. Jeneza liligonga ukuta wa kaburi kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Lilikaa limeinama, kichwa chini, miguu juu. Aimo, aliyesimama jirani yake, aliudaka mkanda wa Ilpo kwa mkono wa pili, akabeba nafasi mbili, na uso wake ukawa mwekundu, kisha mweupe. Alitoa mguno mmoja wa chini. Jouko upande wa pili alijitupa nyuma kuvuta. Wakalinyoosha. Wakalishusha. Lilipotua Aimo alibaki ameinama vilevile, mikono magotini, hawezi kusimama wima.

Watu wa Kainuu hawapigi kelele makaburini. Walinyamaza, na ukimya ule ulimwangukia Ilpo akiwa bado amepiga goti juu ya ubao, mikono mitupu. Kisha wabebaji walichukua sepetu, kwa maana ni kazi yao pia kufukia. Mzee mmoja wa chama cha wakata miti alimnyooshea Ilpo sepetu. Ilpo aliipokea, akajaribu kuinuka, akashindwa, akairudisha. Jouko akamshika kwapani na kumsimamisha pembeni kama mtu anavyosimamisha ngazi. Kutoka hapo aliwatazama wengine wakimfukia baba yake. Wazee wa miaka sabini walifukia. Mwalimu wa shule alifukia. Mtoto mkubwa alisimama.

Mchungaji alimjia, akamwekea mkono begani. "Huzuni huondoa nguvu za miguu," alisema kwa upole. "Nimeiona mara nyingi. Usijilaumu."

Ilpo akasema, "Asante."

Hilo neno moja lilikuwa uongo mkubwa kuliko yote aliyowahi kusema. Ule wa viazi alimdanganya mama, ule wa baridi alimdanganya Aimo. Huu aliusema juu ya kaburi bichi, akajivika upendo wa mtoto kwa baba kama koti la kuazima ili kufunika kiburi chake. Na watu walimpa koti hilo kwa moyo mweupe. Walimpita mmojammoja wakimshika mkono, wanaume waliokuwa hawajamgusa tangu azaliwe. Mzee aliyempa sepetu alikuwa na machozi. "Ulimpenda baba yako," alisema. "Tumeona." Ilpo alitaka ardhi impokee yeye badala ya Taisto.

*

Kwenye ukumbi wa usharika kulikuwa na supu ya samaki, mkate mweusi, na keki za kahawa zilizookwa na akina mama wa kijiji. Mama alikaa meza ya mbele na wanawe. Aimo alikaa meza ya pili, kiti chake amekigeuza ubavu ili aegemee ukuta, na mkewe alikuwa anamkatia mkate.

Kama ilivyo desturi, baada ya supu Jouko alisimama kusoma salamu za rambirambi. Alisoma za ndugu wa mbali, za chama cha wakata miti, za jirani aliyehamia Uswidi. Kisha akaweka kadi chini. "Kaka yangu si mtu wa maneno," alisema, "lakini leo tumeona wote jinsi huzuni ilivyomzidi. Ninataka kumshukuru mbele yenu, kwa sababu ndiye aliyebaki na wazee miaka yote."

Watu waliitikia kwa vichwa. Ilpo alisikia damu ikimpanda shingoni. Aliona kwamba akinyamaza sasa, jambo litakwisha salama. Lingesimuliwa hivyo hivyo kijijini, na baada ya miaka michache hata yeye angeliamini. Aliona pia mkono wa Aimo ukijaribu kufikia kikombe mezani, ukashindwa, na mkewe akamsogezea.

Akasimama, ameshika ukingo wa meza.

"Haikuwa huzuni," alisema.

Vijiko vilitulia.

"Ni mgongo. Mguu huu umekufa, una miaka sasa. Nilijua siwezi kubeba. Jouko aliniuliza jana, nikamdanganya. Nimemwangusha baba kwa sababu niliona haya kusema." Hakuwa amewahi kuongea maneno mengi hivyo mbele ya watu. "Na haya yenyewe ni ya kijinga. Baba aliwahi kunicheka juu ya kiti cha mashine, kwamba kinanibembeleza. Nikakifunga kwa chuma kisiende. Nimekaa juu ya chuma hicho mpaka leo. Aimo naye."

Alitaka kuendelea lakini hapakuwa na kingine. Akabaki amesimama. Hakuna aliyejua atazame wapi. Mzee mmoja alikohoa. Jouko alikuwa ameshika kadi ya rambirambi kama haelewi imefikaje mkononi mwake. Mchungaji akawa wa kwanza kusogea: alichukua birika akaanza kupitisha kahawa, na watu wakashukuru kwa kupata kitu cha kufanya.

Aimo alikuja taratibu, akishika migongo ya viti njiani. Alisimama mbele ya Ilpo. Wote wawili walikuwa wamepinda, kila mmoja upande wake.

"Baridi inaua mfuko wa hewa," Aimo akasema.

"Nilisema."

"Kila mwaka ulisema."

"Kila mwaka."

"Na mimi nikawa nakwenda kuwaelimisha manesi." Hakucheka. "Mke wangu alitaka nihamie kwa mkandarasi wa Kuhmo, wana mashine mpya. Nikamwambia siwezi kumwacha Ilpo, ni ndugu. Unalijua hilo?"

"Silijui."

"Basi lijue." Alijishikiza kwenye mgongo wa kiti. "Ungekuwa mtu baki ningekupiga hapahapa mbele ya mchungaji."

"Nipige."

"Nikupige uanguke tena? Atakayekuokota nani, mimi?" Midomo yake ilitetemeka, na Ilpo hakuweza kujua kama ni kicheko kilichokataa kutoka au ni jambo jingine. "Barabara zikikauka, usinipigie simu. Nikitaka kuja nitakuja. Nisipotaka, usiniulize."

"Sawa."

"Na usiniambie sawa kwa sauti hiyo."

Aimo alirudi kwa mke wake. Mkewe alimsaidia kuvaa koti, mkono mmoja, kisha mwingine, na hapo mlangoni, mbele ya wote, akamfungia vifungo kwa sababu yeye hakuweza kuinua mikono. Wakatoka. Ilpo alilitazama jambo hilo mpaka mlango ukajifunga.

Alipogeuka, mama yake alikuwa anamtazama. Uso wake haukuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hasira angejua jinsi ya kuipokea.

"Alikisifia kile kiti," Hilja alisema. "Nilikwambia juzi."

"Uliniambia."

"Na juzi hukusema."

"Sikusema."

Hilja aliangalia meza, akafuta makombo ya mkate kwa kiganja, akayakusanya ukingoni. "Nilinyamaza kwa sababu yake," alisema mwishowe. "Nilidhani ninamstahi. Kumbe ningewaambia ninyi mkiwa wadogo, ungejua baba yako ni nani, na usingekuwa na wa kumwogopa. Hilo ni langu, nitalibeba mimi. La Aimo ni lako."

"Najua, mama."

"Jumatatu utakwenda kwa daktari. Sitakukumbusha."

"Nitakwenda."

"Sasa kaa ule, supu inapoa."

"Siwezi kukaa, mama," Ilpo akasema. "Kukaa ndiko kunakouma zaidi."

Lilikuwa jambo dogo, na alikuwa amelificha kwa kila mlo wa miaka mingi, akikaa kama wengine na kusaga meno. Hilja alichukua bakuli la Ilpo, akasimama nalo, akaenda kuliweka kwenye kizingiti cha dirisha, mahali panapolingana na kifua cha mtu aliyesimama, na kijiko kando yake. Ilpo alivuka ukumbi akivuta mguu, bila kuuficha, na kila jicho lilikuwa mgongoni mwake. Alikula akiwa amesimama, uso kwenye kioo, masikio yakimwaka moto. Nyuma yake mazungumzo yalianza tena polepole. Walikuwa wanamzungumzia yeye, bila shaka. Aliyasikia, na hakugeuka.